Barabara Haijengwi Mara Moja

Barabara ni kama afya: aliye nayo haikumbuki. Kila asubuhi twapita juu yake kwenda shuleni, sokoni na hospitalini, na macho yetu hutazama mwisho wa safari, wala hayatazami kile kinachotufikisha. Siku mvua inapoichukua ndipo tunapoijua thamani yake. Hapo husikika malalamiko mengi juu ya matope na magari yaliyokwama, na watu huulizana ni nani aliyeijenga vibaya. Wachache huuliza ni nani aliyepaswa kuitunza, na wachache zaidi huuliza kama mtunzaji huyo alipewa jembe.

Leo, msomaji wangu, nataka tuende pamoja mbali na barabara zetu, mpaka mahali ambapo swali hilo la utunzaji ni swali la uhai na mauti. Mahali penyewe ni milima ya Himalaya na Karakoram katika bara la Asia, zinapokutana nchi za Uhindi, Uchina na Pakistani. Mimi sijapata kukanyaga theluji ya huko. Lakini kazi yangu ni kufundisha jiografia, na kwa miaka kadhaa nimewaeleza wanafunzi habari za milima hiyo; na kila mwaka barabara zake hunifunza jambo ambalo sikulipata katika chuo cha ualimu.

Siku moja nilikuwa nimechora ramani ubaoni, nikapiga mstari mwekundu kuonyesha barabara iliyopanda milima mikubwa mpaka mpakani. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, mstari huo unakwenda mahali pasipo mji wala shamba, na watu wake ni wachache. Kwa nini serikali ijenge barabara ya kwenda mahali kama hapo?" Wenzake walicheka, lakini lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa muhula ule. Nilimjibu kwa maneno machache kwa kuwa saa ya somo ilikuwa inakwisha. Hapa nitajibu kwa marefu zaidi.

Barabara nyingi huzaliwa na biashara. Watu wana nafaka upande huu na chumvi upande ule. Miguu yao hufanya kijia, kijia huwa njia ya mikokoteni, na njia ya mikokoteni mwishowe huwa barabara ya magari. Lakini zipo barabara nyingine zinazozaliwa na hofu. Serikali hutazama mpaka wake, ikaona kwamba askari wa jirani waweza kuufikia kwa siku moja, na askari wake yeye kwa siku kumi. Basi huamua kujenga barabara ya ulinzi. Barabara ya namna hii haifuati watu waliko, hufuata mpaka ulipo. Na kwa kuwa mipaka mingi ya dunia iko juu ya milima, barabara hizo hupanda mahali ambapo mhandisi, kama angekuwa na hiari, asingepitisha barabara kamwe.

Chukua mfano wa Ladakh, nchi ya milima mitupu iliyo kaskazini kabisa mwa Uhindi. Katika lugha ya watu wa huko, neno "la" maana yake ni mwanya wa mlima, yaani mahali pa chini kati ya vilele viwili ambapo msafiri aweza kuvuka. Kwa hiyo ukisikia Zoji La, Khardung La au Umling La, fahamu kwamba hayo ni majina ya mianya. Usidanganyike, hata hivyo, na hilo neno "mahali pa chini". Barabara inayopita Umling La, ambayo ilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2021, iko mita 5,798 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, yaani Batian, kina mita 5,199. Maana yake ni kwamba lori linalopita Umling La liko juu kuliko mtu aliyesimama kwenye ncha ya Mlima Kenya, tena kwa karibu mita 600. Na mnamo Oktoba 2025 wajenzi hao hao walifikisha barabara yao kwenye mwanya uitwao Mig La, penye mita zipatazo 5,900. Huko gari limefika kimo cha Kilimanjaro, na kukipita kidogo.

Hofu iliyozaa barabara hizi ina historia yake. Katika vita vya Kashmir vya mwaka 1948, njia ya kwenda Ladakh kupitia Zoji La ilikuwa njia ya nyumbu tu. Wahandisi wa jeshi la Uhindi waliipanua kwa haraka, na mwezi wa Novemba mwaka ule vifaru vidogo vikapitishwa juu ya mwanya huo, jambo ambalo wapinzani wao hawakulitazamia kabisa. Kila upande uliona siku ile kwamba milimani mwenye njia ndiye mwenye nguvu. Katika miaka iliyofuata Uchina ilijenga barabara yake kutoka Xinjiang mpaka Tibet, ikaikamilisha mwaka 1957. Sehemu ya barabara hiyo ilipita katika Aksai Chin, uwanda wa juu ambao Uhindi ilidai kuwa ni wake. Ugomvi ukazidi. Tarehe 7 Mei 1960 Uhindi iliunda shirika maalumu la barabara za mipakani, lakini muda ulikuwa mfupi. Vita vilizuka tarehe 20 Oktoba 1962, vikadumu mwezi mmoja, na Uhindi ikashindwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba askari wake walipelekwa vilimani bila ya barabara za kuwafikishia chakula, risasi na mavazi ya baridi. Hilo ndilo jibu la kwanza la swali la yule msichana. Lakini jibu hilo ni nusu tu, kwa maana kuamua kujenga barabara ni kazi ya siku moja mezani. Kuijenga na kuiweka hai ni kazi ya vizazi.

Fikiri kwanza habari za mwili wa binadamu. Kwenye kimo cha mita 5,800 mtu hupata kwa kila pumzi karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu aliyeko Mombasa. Anayepanda kwa haraka kutoka nchi za chini huumwa kichwa, hutapika, hukosa usingizi. Na ugonjwa ukizidi, maji huingia katika mapafu yake au ubongo wake huvimba, naye aweza kufa asiposhushwa upesi. Kwa sababu hii kibarua hawezi kushuka garini leo na kushika sururu kesho. Sharti akae siku kadhaa mahali pa chini, kisha juu kidogo, kisha juu zaidi, mpaka damu yake izoee. Hata akizoea, nguvu zake si zile za nyumbani. Apigapo nyundo mara chache husimama, akahema kama mtu aliyekimbia mbio ndefu.

Mashine nazo zinaumwa kwa namna yake. Injini huhitaji hewa kama mtu, kwa hiyo tingatinga likifika juu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Dizeli ya kawaida huganda kama uji katika baridi kali. Saruji hukataa kushikana ikiwa maji yake yamekuwa barafu kabla haijakauka. Lami hutaka kumwagwa ikiwa ya moto na kushindiliwa kabla haijapoa, na upepo wa huko huipoza kwa dakika chache. Basi kazi ambayo ingefanywa mwaka mzima mahali pengine, huko hufanywa katika miezi michache ya kiangazi, na mahali pengine katika saa chache za mchana. Asubuhi ni baridi mno, na jioni pia.

Tena kuna ardhi yenyewe. Katika nyanda zile za juu zipo sehemu ambazo udongo wake umeganda kwa mamia ya miaka, na barafu ndiyo gundi inayoushika. Mhandisi akiweka lami nyeusi juu yake, lami hunyonya jua, joto hushuka chini, barafu huyeyuka, na barabara hukaa chini kama godoro lililochakaa. Penye miteremko, kila pasi ya mlima inayokatwa kwa baruti huacha juu yake mawe yaliyolegea. Mlima uliokuwa umetulia tangu zamani sasa umetiwa jeraha, na jeraha hilo halitapona wakati wa uhai wa mhandisi. Kwa hiyo hujengwa kuta za mawe, na masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, na mifereji ya kupitisha maji chini ya barabara. Baada ya hayo yote barabara hufunguliwa, utepe hukatwa, wakubwa hupigwa picha, kisha hurudi mjini.

Hapo, msomaji wangu, ndipo kazi inapoanza.

Niruhusu niseme neno juu ya marehemu baba yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifungua macho kabla sijaijua Himalaya. Alikuwa kibarua wa barabara katika nyanda zetu za juu. Alipewa kipande cha barabara ya udongo mwekundu, na vyombo vyake vilikuwa jembe, sururu, koleo na toroli. Kila mwaka kabla ya mvua za masika alizibua mitaro, akakata majani ya kando, akajaza mashimo madogo na kuyashindilia. Watu waliompita walimwona kama mtu anayechezea udongo. Yeye alizoea kutuambia, "Adui wa barabara si gari, ni maji. Gari hupita likaenda zake. Maji huja kukaa." Alipostaafu, ofisi iliyokuwa na dhamana ya barabara ile haikuweka mtu mahali pake. Ilisemwa kwamba fedha za vibarua zingeokolewa, na barabara ingetengenezwa kwa pamoja itakapoharibika. Mitaro ikajaa takataka. Masika ya kwanza maji yalipita juu ya barabara. Masika ya pili yaliichukua pamoja na daraja dogo, na wajawazito wakawa wanabebwa kwa machela mpaka barabara kuu. Matengenezo yaliyofuata yaligharimu fedha ambazo zingemlipa baba yangu mshahara wa maisha yake yote, na baki ingekuwa kubwa. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ikiwa maji ya mvua yana nguvu hizo kwetu, fikiri maji yanayoganda. Maji yakiwa barafu huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu tisa katika mia. Mchana theluji huyeyuka, maji huingia katika ufa mwembamba wa lami au mwamba. Usiku huganda, hutanuka, huupanua ufa ule kama kabari. Kesho maji mengi zaidi huingia. Kazi hii hufanyika kimya usiku baada ya usiku, na mwisho wa majira ya baridi barabara iliyokuwa nzima huwa vipande vipande, na mawe makubwa kama nyumba yamelala katikati yake.

Ongeza theluji yenyewe. Zoji La, ambao ndio mlango wa kuingilia Ladakh kutoka Kashmir, hauzidi mita 3,600, na kwa hiyo ni mdogo miongoni mwa mianya ya huko. Lakini theluji yake ni nyingi mno, na miteremko yake huporomosha theluji bila ya kubisha hodi. Zamani njia hiyo ilifungwa kwa muda wa miezi mitano au sita kila mwaka, na watu wa Ladakh walilazimika kuweka akiba ya unga, mafuta na dawa kabla ya baridi, kama watu wanaojiandaa kuzingirwa. Siku hizi vikosi viwili vya watunzaji huanza kazi mapema, kimoja upande wa Kashmir na kimoja upande wa Ladakh. Hukata theluji kwa mashine, wakifanya mfereji wenye kuta nyeupe ndefu kuliko lori, mpaka wakutane juu. Mwaka 2025 njia ilifunguliwa tarehe 1 Aprili, baada ya kufungwa kwa siku 32 tu. Hakuna barabara mpya iliyojengwa hapo. Ni barabara ile ile, na mwanya ule ule. Kilichobadilika ni bidii ya kuitunza pamoja na vyombo vya utunzaji. Jambo hilo, kwa maoni yangu, lastahili sifa sawa na kupanda mpaka Umling La.

Mahali pengine wajenzi wameona ni afadhali kupita ndani ya mlima kuliko juu yake. Katika njia ya kutoka mji wa Manali kwenda Leh upo mwanya wa Rohtang wenye mita 3,978, ambao ulizibwa na theluji kila majira ya baridi, na bonde la Lahaul lililo nyuma yake likabaki limefungiwa. Mgonjwa wa Lahaul katika mwezi wa Januari alitegemea ndege au alitegemea Mungu. Kazi ya kutoboa mlima ilianza mwaka 2010. Wachimbaji walipofika chini ya kijito kiitwacho Seri, mwamba ukageuka kuwa matope na mawe, na maji yakawamiminikia. Sehemu hiyo ilikuwa na urefu wa mita 587 tu, lakini iliwachelewesha miaka kadhaa. Pande mbili za mlima zilikutana mwaka 2017, na tarehe 3 Oktoba 2020 njia hiyo ya ndani ya mlima, yenye urefu wa kilomita 9 na kitu, ilifunguliwa. Hata hivyo utunzaji haukukoma. Njia ya namna hiyo hutaka mapanka ya kusukuma hewa, taa, pampu za maji na walinzi usiku na mchana; na penye milango yake theluji bado huporomoka.

Sasa tuvuke mpaka, tusije tukafikiri kwamba shida hii ni ya taifa moja. Upande wa magharibi iko barabara ya Karakoram, iliyojengwa na Pakistani na Uchina kwa pamoja, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,300. Kazi kubwa ilifanywa katika miaka ya 1960 na 1970, na wasafiri wa kawaida waliruhusiwa kuvuka mpaka wake wa Khunjerab, penye mita 4,693, mwaka 1986. Wapakistani wapatao 810 na Wachina wapatao 200 walikufa katika ujenzi wake, wengi wao kwa kuangukiwa na mawe na kuporomoka kwa milima. Baadhi ya Wachina hao wamezikwa Danyor, karibu na mji wa Gilgit, mbali sana na makaburi ya wazazi wao.

Wala mlima haukuridhika na sadaka hiyo. Tarehe 4 Januari 2010, zaidi ya miaka 30 baada ya barabara kukamilika, upande mzima wa mlima uliporomoka katika kijiji cha Attabad, katika bonde la Hunza. Watu 20 walikufa. Kifusi kiliziba mto, maji yakarudi nyuma yakawa ziwa, na kilomita karibu 20 za barabara zikazama pamoja na nyumba na mashamba. Kwa muda wa miaka mitano na zaidi magari, mizigo na abiria walivushwa kwa mashua mahali palipokuwa na lami. Ndipo ikajengwa njia mpya, yenye sehemu tano zinazopita ndani ya mlima, iliyofunguliwa Septemba 2015. Basi niambie, barabara ya Karakoram ilimalizika lini? Ukiuliza vitabu utapewa mwaka. Ukimuuliza mtunzaji wa barabara atacheka.

Huyo mtunzaji ni nani? Kwa upande wa Uhindi, maofisa na mafundi ni wa shirika la barabara, lakini wengi wa wanaovunja kokoto, kubeba mawe na kuchemsha lami ni vibarua wanaotoka mbali, hasa katika majimbo ya Jharkhand na Bihar, ambayo ni nchi za joto zilizo chini sana kuliko milima hiyo. Huja kila mwaka theluji inapopungua, wakaondoka inaporudi. Wanawake na wanaume hulala katika vibanda kando ya barabara wanayoijenga. Mwezi wa Juni 2020, wakati wa maradhi ya korona, treni maalumu ilitoka Dumka katika Jharkhand ikiwa na vibarua zaidi ya 1,000 waliokwenda kufanya kazi hiyo mpakani. Kabla haijaondoka, serikali ya jimbo lao ilidai kwanza wahakikishiwe ujira wa haki na matibabu, kwa sababu kwa miaka mingi mawakala waliokuwa katikati yao na mwajiri walikula sehemu ya jasho lao. Jambo hili linatuhusu sisi pia. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa Afrika Mashariki kati ya miaka ya 1896 na 1901 kujenga reli ya kutoka Mombasa mpaka ziwani, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Reli ile nayo ilitokana na hofu ya serikali ya mbali. Majina ya waliotoa amri tunayasoma vitabuni. Majina ya waliotoa maisha hatuyajui.

Pengine utaniuliza: je, ni wema kuzisifu barabara zilizojengwa kwa ajili ya vita? Ni swali la haki, nami sitalikwepa. Barabara ya ulinzi ina makali pande mbili. Jirani aionapo husema, "Huyu anakuja," naye hujenga yake. Na wa kwanza akiiona hiyo huongeza nyingine. Tarehe 15 Juni 2020 askari wa Uhindi na wa Uchina walipigana katika bonde la Galwan kwa marungu na mawe, na askari 20 wa Uhindi na 4 wa Uchina, kwa hesabu ya serikali zao, wakafa. Ujenzi wa barabara katika sehemu zile ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza chuki. Hakuna awezaye kusema kwamba barabara hizo zimeleta amani.

Lakini tazama makali ya pili. Barabara haiulizi mpitaji wake ana bunduki au kitabu. Ile iliyokatwa kwa ajili ya magari ya jeshi, kesho yake humbeba mwanafunzi, mwalimu wake, mboga mbichi, barua na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Katika Lahaul mgonjwa sasa hufika hospitalini katika mwezi ule ambao zamani angengoja kufa. Katika Hunza mkulima wa matunda hupata soko ambalo babu yake hakulijua. Kwa hiyo nadhani yatupasa kuhukumu barabara kwa mambo mawili: nia iliyoijenga, na mikono inayoitunza. Nia ya serikali yaweza kuwa ni hofu, na hofu yaweza kupita kwa mapatano ya siku moja. Mikono ya watunzaji, kwa upande mwingine, hufanya kazi ile ile wakati wa vita na wakati wa amani, kwa kuwa theluji haitambui mpaka.

Nawe, msomaji wangu, uko katika umri wa kuchagua kazi. Karibu kila kijana ninayemfundisha hutamani kuwa mwanzilishi: kujenga jumba, kufungua kampuni, kuanzisha chama, kukata utepe. Simlaumu, maana bila ya waanzilishi tungekuwa bado tunapita vijia vya mbuzi. Lakini nchi yetu haina upungufu wa vitu vilivyoanzishwa. Tunazo zahanati zilizofunguliwa kwa nyimbo na leo milango yake imeng'oka. Tunayo mabomba ya maji yaliyokauka kwa kukosa mpira mmoja wa kuzuia maji. Tunazo barabara zilizokufa kwa ajili ya mtaro usiozibuliwa. Tunachokosa ni watu wanaoona fahari kurudi kila siku kwenye kitu kile kile, na wakubwa wanaoona fahari kuwalipa.

Siku utakapokuwa mhandisi, au diwani, au karani wa fedha, utaletewa mpango wa kitu kipya kizuri, na wote waliopo watauliza kitagharimu kiasi gani kukijenga. Uliza wewe swali la pili: nani atakitunza mwaka wa kwanza, wa kumi na wa thelathini, na atalipwa na nani? Huenda wakakuona mkaidi. Uliza hata hivyo. Na ukipita barabarani ukamwona mtu mwenye koleo ameinama katika mtaro, punguza mwendo usimtilie vumbi, umwamkie kwa heshima. Kwa hesabu ya wapita njia anachezea udongo. Kwa hesabu ya kweli yeye anaijenga barabara upya siku ile ile, kama ilivyojengwa jana na kama itakavyohitaji kujengwa kesho.